Kumi na Mbili Upande wa Kulia

Mimi nina mdomo, Bwera nzima inajua. Lakini asubuhi ile niliufunga, na wallahi ilinichoma.

Hedimasta Kiiza alikuwa amekaa nyuma ya darasa langu la tano, mikono kifuani. Alikuja kwa ajili ya mtoto mmoja tu, Blandine, msichana wa miaka kumi na minne aliyekimbia vita Beni, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, pamoja na mama yake. Akishindwa hesabu moja ubaoni, anashushwa darasa la pili, akakae na watoto wanaomfika kiunoni. Alishaniambia waziwazi, "Madamu, wakinishusha, mimi sirudi tena." Nilimwamini.

Mia moja hamsini na sita, gawanya kwa kumi na mbili.

Akashika chaki. Akasimama. Akasimama tu! Jamani, kuna kazi ngumu kama kumnyamazia mtoto anayefikiri? Chuoni walitufundisha: ukishauliza, ngoja.

"Madamu Habibah, muda," Kiiza akasema.

"Bado, hedimasta."

Blandine akaandika mia hamsini na sita, akachora mstari wima, halafu kumi na mbili akaiweka kulia. Kulia! Sisi hapa Uganda nambari ya kugawia hukaa kushoto, jibu linapanda juu. Darasa likaangua kicheko.

Kiiza akainuka. "Si unaona? Hata kupanga hajui. Nimeshawaona wengi wa hivi."

Blandine tayari alikuwa ameshika kifutio. Nami nilitamani nimpokonye chaki, nimpangie mwenyewe, tumalize. Nikajizuia.

"Usifute," nikamwambia. "Tuambie unafanya nini. Na nyinyi, atakayecheka tena anatoka nje."

Akaweka kifutio chini. "Kwetu tunaandikaka hivi. Kumi na mbili mu kumi na tano, inaingia mara moja. Inabakia tatu. Nashusha sita, iko makumi tatu na sita. Inaingia mara tatu."

Akaandika jibu chini ya ile kumi na mbili. Kumi na tatu.

Loo! Nilitaka kupiga vigelegele. Badala yake nikawaambia wengine waifanye kwa njia yetu. Naimah, aliyecheka kuliko wote, ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. "Ni sawa, Madamu. Kumi na tatu."

Kiiza akaja mbele. Nilijiandaa kwa vita, maneno yakiwa yamejaa mdomoni. Kumbe hata hakunitazama. Alipitisha kidole kwenye mstari wa Blandine.

"Shuleni kwenu wote hupanga hivi?"

"Wote."

"Rudi kwenye dawati lako," akamwambia taratibu. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Sosthène, mvulana mwingine aliyetoka Kongo, naye alipanga hivi. Mwaka juzi. Nilimfutia kabla hajamaliza, nikamshusha."

Mwaka juzi mimi sikuwa nimehamia hapa. "Yuko darasa gani sasa?" nikamuuliza.

"Yuko Mpondwe, mpakani. Anapakua malori," Kiiza akasema. "Jana tu amenisalimia kwa heshima."