Moshi wa Bunduki ya Babu

Bunduki ya babu yetu ilikuwa na tabia moja mbaya: ikipiga, inamtangaza aliyeishika. Nimekuwa askari wa wanyamapori miaka thelathini na moja, nimeshika silaha za kila namna, na sijaona nyingine yenye moshi kama ule. Ni ya Kijerumani, ya mwaka 1871, ya risasi moja moja. Unapiga, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Risasi yenyewe ni nene kama kidole gumba.

Wajerumani kwao walishaiacha zamani. Wakaona inatosha kwa askari weusi huku kwetu, na Vita ya Kwanza ilipofika, wengi walikwenda nayo mbele ya adui mwenye bunduki isiyotoa moshi. Mtu akipiga mara moja, wingu jeupe linamfunika kichwa, na wa upande wa pili wanajua pa kulenga. Kila nikilifikiria hilo huwa nakasirika, ingawa waliotuma na waliotumwa wote wameshaoza.

Babu alirudi nayo hai, na kaka yangu Konstantini akairithi kwa baba, akaificha darini kwake, kijijini Nakwa. Mwaka huu ukatangazwa msamaha: mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe polisi kabla ya siku fulani, hataulizwa kitu. Baada ya hapo ni jela. Nikamwambia kaka aipeleke. Akasema sawa, lakini kwanza ipigwe.

Kaka yangu ni mbishi. Ukimwambia maji yanalowesha, anataka shahidi. Safari hii, hata hivyo, ubishi wake ulikuwa na sababu. Mjukuu wake Josephine alikuwa amechumbiwa na Emanuel wa kijiji cha Singe, na bibi yake Emanuel, Mama Wilhelmina, alikuwa ameizuia posa. Mwanamke yule ana miaka themanini na mbili na hasahau kitu. Mdogo wa babu yake alikuwa mpagazi, alichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya Wajerumani mwaka 1916, wakati wanarudi nyuma kuelekea Kondoa. Babu yetu ndiye aliyempiga risasi.

Hilo hakuna aliyelikana. Ubishi ulikuwa juu ya umbali. Kwetu tulisimuliwa kwamba babu alikuwa juu ya kilima, hatua mia mbili, akaona mtu kichakani akamdhania adui. Kwao walisimuliwa kwamba kijana alichoka akatua mzigo, na askari akamuua akiwa mbele yake.

"Kama alikuwa mbali, ni vita, nawaoza watoto," Mama Wilhelmina alisema. "Kama alikuwa karibu, mwenye nyumba aniambie kwa kinywa chake. Sitaleta posa kwenye nyumba inayonidanganya."

Konstantini akajibu kwamba bunduki ndiyo itakayosema. Itapigwa hatua mia mbili, ionekane kama kweli inaua kwa umbali ule, mbele ya macho ya Mama Wilhelmina, na mpigaji nitakuwa mimi. Sheria naijua kuliko wote wawili, na nilijua ni kosa. Nilikubali kwa sababu Josephine alikuwa amekonda, na kwa sababu nami, nikiri tu, nilitaka kujua.

Tulikwenda asubuhi ya siku ya mwisho ya msamaha, kwenye shamba lililovunwa chini ya kilima. Kaka alikuwa amejaza gunia maganda ya mahindi, akalisimamisha kwenye mti, urefu wa mtu. Risasi zilibaki tatu, kuukuu kuliko sisi. Hakukuwa na upepo.

"Hata siku ile upepo haukuwepo," kaka alimwambia Mama Wilhelmina, akisimulia kama tulivyosimuliwa sisi. "Majani yalikuwa yametulia. Babu alipiga, akamwona anakaa chini taratibu, mkono tumboni, akamwangalia babu usoni. Ndipo akajua si adui. Alilia."

Risasi ya kwanza haikulipuka. Ya pili ilitimua vumbi hatua nyingi kabla ya gunia, maana risasi ile ni nzito na inashuka haraka. Bega likaniuma. Nikainua shabaha, nikabana pumzi, nikapiga ya tatu.

Moshi ukanifunika. Ulinuka mayai viza, ukakaa pale pale usoni kwangu, mweupe, mzito. Nikasikia kaka anakimbia, mzee wa miaka sabini na tano, kisha nikamsikia anapiga kelele kutoka mbali. "Imeingia! Imeingia katikati!"

Nilipoanza kuona, gunia lilikuwa limelala chini na kaka ametia kidole kwenye tundu. Mama Wilhelmina hakulitazama gunia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Baba Rosa," aliniita. "Umeliona likianguka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ndoa ingefungwa, kaka angeniandalia karamu. Lakini nilikuwa bado nafuta machozi ya moshi, na nilikuwa nimeshaelewa. Babu aliona mkono tumboni. Aliona uso. Siku isiyo na upepo, nyuma ya wingu lile, hatua mia mbili, mtu haoni hata mti. Aliyeyaona hayo alikuwa karibu.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikuona kitu."

Konstantini alikuwa amerudi, anahema. Alisikia. "Umeniuza," aliniambia. "Mdogo wangu, tumbo moja, umeniuza kwa moshi!"

"Sema wewe, Baba Mkubwa," Mama Wilhelmina alimwambia kaka kwa upole. "Huyu si mwenye nyumba."

Kaka akaifunga bunduki kwenye shuka na kutangulia njia. Tulimfuata hadi kituo cha polisi, Mama Wilhelmina akijikongoja na fimbo yake. Alisema anataka kuiona bunduki ikisalimishwa. Moyoni nilikuwa namwomba Josephine msamaha, maana niliona nimemvunjia ndoa kwa ukweli wangu.

Polisi wa zamu alikuwa kijana. Alituamkia shikamoo, akaigeuza bunduki kwa mshangao, akaandika namba na neno urithi. Kisha akamsogezea kaka karatasi. "Weka sahihi hapa, mzee. Tumemaliza."

Konstantini alishika kalamu, hakuandika. "Hujaniuliza ilifanya nini."

"Haturuhusiwi kuuliza, mzee. Ndiyo maana ya msamaha."

"Niulize, mwanangu."

Kijana alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa, sikujua la kufanya.

"Haya. Ilifanya nini?"

"Iliua mpagazi," kaka alisema. "Alitua mzigo akasema hawezi tena. Mzungu akaamuru apigwe ili wengine waone. Babu alikuwa hapa nilipo mimi, yeye pale mlangoni. Alikuwa anamwomba. Babu aliniambia mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na miwili. Akaniambia kwa watu niseme kilima."

Miaka sitini na mitatu. Mimi nilizeeka nikisimulia kilima kwa watoto wangu, na kaka ameketi pembeni anaitikia.

"Marehemu aliitwa nani?" kijana aliuliza kwa mazoea, kalamu nyingine mkononi.

Kaka aliiweka kalamu mezani. "Sijui. Hatukuwahi kuuliza."

Mama Wilhelmina aliegemea meza. "Amsi," alisema. "Alikuwa na miaka kumi na saba. Liseme jina hilo wewe, mwenye nyumba. Ukilisema, Jumapili naleta posa."

Konstantini alilisema. Halikutoka vizuri mara ya kwanza, akalirudia, na mara ya pili alikuwa analia kwa sauti, mbele ya polisi, mkono tumboni.