Mbu wa Chuo

Mtaani walimwita Baba Mbu, naye hakuwa na kinyongo. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake katika maabara ya chuo kikuu ilikuwa kufuga mbu: kulea viluwiluwi kwenye mabeseni, kuhamishia wakubwa kwenye vizimba vya neti, na kila asubuhi, iwe sikukuu isiwe, kuegemeza mkono wake hapo majike washibe. Mkewe alizoea kuwaambia mashoga zake kwamba ameolewa uke wenza na wadudu elfu nne, na wenzake ndio wenye zamu ya kila siku.

Hawakuwa mbu wa kuokota. Mababu zao walikamatwa na Profesa, mkuu wa maabara, alipokuwa bado mwanafunzi, kwenye kijiji ambako dawa ya vyandarua ilikuwa haiui tena. Tangu hapo kila dawa mpya ilijaribiwa kwao kwanza, maana inayowaua sugu hawa itawaua wengine wote. Mwaka huu, kati ya vyandarua vipya vilivyoletwa kujaribiwa, cha nne kilianza kuwapukutisha. Katika kila kumi, tisa walianguka. Zilibaki wiki tatu za kurudia jaribio, kwa kuwa jaribio la mara moja halimwaminishi mtu.

Ndipo mheshimiwa mmoja akasimama bungeni na kuuliza kwa nini serikali inalisha mbu wakati wananchi hawajashiba. Kwa utani waheshimiwa hawajambo. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kicheko hicho kilitosha. Fungu la utafiti likafutwa, na barua ikaja kwamba wadudu wote wateketezwe kabla ya Ijumaa jioni.

"Nitawalisha bure," Baba Mbu alimwambia Profesa. "Mkono ni wangu, siazimi kwa mtu. Wiki tatu tu."

"Umeme wanakata jioni hiyo hiyo, kaka yangu. Chumba kikipoa watakufa wenyewe."

"Basi nikae nao nyumbani."

"Mbu sugu, katikati ya watoto wa watu?"

Hilo Baba Mbu alilijua fika. Alikuwa anatapatapa tu.

Ijumaa asubuhi akawaingiza kwenye friza, kizimba baada ya kizimba. Alilia, mtu mzima na mvi zake, na hakujificha. Alilia kwa hasira ya mtu aliyeporwa mchana kweupe huku watu wakicheka.

Afisa ugavi wa chuo, mtu mpole tu, alikuja na fomu ya kuondoa mali ya umma.

"Idadi?"

"Elfu nne na ushei."

"Thamani ya kila mmoja?"

"Wewe unaonaje?"

Afisa akaandika sifuri, akagonga muhuri. Alipofika mlangoni akasita.

"Mzee, wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Hivi vyandarua vya siku hizi vina nini? Binti yangu analala ndani ya chandarua kila siku, na malaria imemlaza mara ya pili mwezi huu. Ninunue kipi?"

Baba Mbu alifungua mdomo amtajie kile cha nne, akaufunga. Cha nne hakikuwa dukani, na sasa hakuna ambaye angekifikisha huko.

"Sijui," alisema. "Ungeniuliza baada ya wiki tatu, ningekuwa najua."

Afisa akamshukuru kwa heshima zote, akaondoka na fomu yake.