Chenga za Mguu wa Muhsini

Muhsini alichomwa na mwiba akipalilia mikorosho yake Tunduru. Kidonda kilipona. Miezi kadhaa baadaye unyayo ulivimba, ukatoboka vitundu vilivyotoa usaha wenye chenga nyeupe, ndogo kama mchanga. Kwenye zahanati moja aliambiwa ni fangasi. Alimeza vidonge vya fangasi miaka miwili, na mguu ukazidi kuwa mzito.

Alikuja Songea, akafikia Ruhuwiko kwa dada yake, Biasha. Daktari wa hospitali alimweleza kwamba fangasi wa namna hiyo akishaingia mfupani, dawa hushindwa. Mguu ungekatwa chini ya goti. Muhsini alikubali. Alimpigia simu mkewe, wakapanga kazi za msimu ujao: mke angeokota korosho, yeye angekaa akizianika na kuzichambua.

Kabla ya upasuaji, daktari alitaka chenga zipimwe. Skolastika, mtaalamu wa maabara, alizisaga kati ya vioo viwili, akazipaka rangi, akazitazama kwa hadubini muda mrefu. Kisha akamwita mgonjwa mwenyewe.

“Shikamoo baba. Hebu angalia hapa.”

Muhsini aliitikia, akainama, akaona nyuzi.

“Fangasi na bakteria, wote wanaweza kutengeneza chenga hizi,” Skolastika alisema. “Ila nyuzi za fangasi ni nene, zimegawanyika vyumba vyumba. Hizi ni nyembamba mno. Ni bakteria.”

“Kuna tofauti gani kwangu?”

“Bakteria hawa wana dawa. Ile uliyokuwa unameza haiwagusi.”

Daktari aliahirisha upasuaji, akamwandikia sindano na vidonge vya miezi mingi. Biasha alimshukuru Mungu, akalia. Jioni Muhsini alimwambia dada yake kwamba ule mguu alikwisha kuuaga, na kilichomuuma sasa ni ile miaka miwili. Biasha alimpelekea maji ya kuoga.

Mwezi wa nne wa matibabu vitundu vilianza kufunga. Sindano zilimwachia mlio katika sikio la kushoto ambao haukuisha. Vidole viwili vilibaki vimepinda, na uvimbe ukapungua bila kwisha kabisa.

Msimu wa korosho ulipokaribia alipanda basi la asubuhi kurudi Tunduru, amevaa kandambili za saizi mbili tofauti.