Samadi ya Zizi la Nthambi

Nthambi alifunua gunia lililofunika kreti yake ya nyungunyungu, harufu ikamrudisha nyuma. Wale wekundu aliowalisha maganda ya ndizi na majani ya chai, kwa upole ambao hata mumewe hajauonja, walikuwa wamelegea juu ya samadi, wengine wameanza kuoza. Waliobaki hai walikuwa wachache, wamejibana pembeni kwenye magazeti yaliyolowa.

Akaingiwa na hofu. Kesho yake wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, wangekuja pale kwake Kalama kuwachukua. Ndivyo kikundi kilivyopatana: kama wanavyolimiana mashamba kwa zamu, ndivyo watakavyopokezana nyungunyungu, kila mmoja awazalishe, wamtengenezee mbolea, kisha amgawie anayefuata. Anayefuata alikuwa Kasyoka. Na katika wote waliojaliwa ulimi, ni Kasyoka huyo huyo aliyesema, kuku wa kikundi walipomfia Nthambi, kwamba huyu mama ana kisirani, kila anachopewa kinakufa. Lisemwalo lipo, wakaitikia wengine, na tangu hapo hata mbegu ya maharagwe alipewa shingo upande.

Akampigia simu Rodgers, aliyewafundisha ufugaji ule.

"Umewawekea nini kipya?" Rodgers akauliza.

"Samadi tu. Ya mbuzi wangu."

"Hao mbuzi walipewa dawa ya minyoo?"

Nthambi akageukia zizi. Muthoka, mumewe, alikuwa amewanywesha mbuzi dawa wiki ile ile aliyochota samadi, akajisifu hadi akachosha watu.

"Hiyo dawa inatoka na samadi, mama, na inaua hata hawa wako. Mwaga yote uanze na majani makavu."

Alikata simu akiwa na maneno ya kumwambia Muthoka, maneno yasiyofaa kanisani. Ndipo akakumbuka jambo lililomkausha hasira. Kasyoka alikuwa amebeba gunia la samadi ile ile, kutoka zizi lile lile, akaandae ndoo yake mapema.

Kaa kimya, moyo ukamwambia. Mpe hawa waliobaki. Wakifia kwake, kisirani kitahamia huko. Aliona aibu, lakini wazo lile lilimnogea, na alipokuwa akiwahamisha wale wachache kwenye kopo safi, alijikuta ameshaamua.

Kesho yake Kasyoka alifika na ndoo kichwani, samadi imeshatandazwa ndani na kunyunyiziwa maji. Mwelu, mwenyekiti wao, akaomba, kisha akachungulia kopo.

"Mbona ni kidogo hivi?"

"Wataongezeka," Nthambi akajibu, macho chini.

Kasyoka alichungulia pia, akaona wanavyojinyonganyonga, akatua ndoo. "Wako hai kabisa! Wamama, ngojeni niseme. Mimi ndiye nilimwita Nthambi kisirani. Kuku wa kila mtu walikufa huo mwaka, hata wangu. Nilikukosea, dada yangu. Nisamehe."

Wanawake wakapiga makofi. Mwelu akasema amina. Ndiyo maneno ambayo Nthambi alikuwa ameyalilia jikoni peke yake, na yamekuja siku asiyoyastahili. Kasyoka alishachukua kopo, ameliinamisha juu ya ndoo.

"Usimwage!" Nthambi akapiga kelele. "Hiyo samadi iko na dawa. Wangu wamekufa jana, karibu wote."

Makofi yakakoma. Kasyoka akainua kopo polepole. "Jana? Na ulikuwa unaniangalia tu nikiwamwaga?"

"Ndio. Nilitaka wakufie."

Hakuna aliyesema amina. Mwelu aliinamia mkoba wake akatafuta kitu asichokihitaji. Nthambi alijua kwamba kisirani mtu huweza kusingiziwa, lakini hili hakusingiziwa na yeyote. Akashika ndoo upande mmoja.

"Nisaidie tuimwage," akasema.

Kasyoka akampa Mwelu kopo ashike, akaibeba ile ndoo peke yake.