Klipu Iliyolegea

Mwaka ule wa hamsini na nne, Mkikuyu aliyebaki na spana mkononi katika mashamba ya wazungu huko Bahati alikuwa amebaki kwa hisani ya mzungu wake, wenzake wamekamatwa kwa kushukiwa kuwasaidia wapiganaji wa msituni, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Thuo alilijua hilo. Alibakishwa kwa sababu Bwana Pelling alikuwa akijiundia ndege ndani ya ghala la mahindi, na mikono yake mwenyewe haikutosha.

Ndege ilikuwa imeshapaa mara kadhaa. Ubaya wake ulikuwa kelele. Kila Bwana alipoielekeza msituni kutafuta moshi wa wapiganaji, ngurumo ilimtangulia, wa chini wakafukia moto kwa udongo, naye akarudi na maguruneti yake, mabomu ya mkono ya kuwaangushia, vilevile, amenuna. Thuo alipomwona amenuna alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Ngigi, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa kule msituni.

Basi Bwana akapata propela nyingine, ya mabaki ya vita, ambayo panga zake hugeuzwa hata ndege ikiwa angani. Ukivuta liva, mkono wa chuma ulio kando ya rubani, panga hukamata upepo mwingi zaidi, injini hupunguza mbio, na kelele hushuka.

"Sasa hawa watu hapana sikia mimi," Bwana alisema akicheka. "Wakisikia, mimi iko juu ya kichwa yao."

Kazi ya kufunga liva hiyo na waya wake akapewa Thuo.

Alifanya kazi asubuhi nzima. Waya ulipita ndani ya mrija kutoka kwa rubani hadi kwenye injini, na mrija ulishikwa na klipu, kibano kidogo cha chuma. Klipu ile akaifunga kwa vidole tu, bila kuikaza. Liva ikivutwa, mrija ungeteleza na panga zingebaki zilivyo. Ndege haingeanguka. Thuo hakuwa muuaji, na Bwana alikuwa na watoto. Ingepiga kelele tu kama zamani, na Ngigi angesikia.

Hakumwambia mtu, hata Obura, fundi mwenzake aliyekula naye sahani moja miaka yote. Mwaka ule ndugu aliye msituni hakutajwa hata kitandani.

Wao wawili walikuwa na desturi yao, ambayo Bwana hakuwahi kuwaagiza: kazi ya mmoja hukaguliwa na mwenzake, ndipo hupakwa tone la rangi nyekundu. Lakini siku hiyo Obura alikuwa ametumwa Nakuru kuchukua petroli. Thuo akapaka rangi mwenyewe, akaenda kuwafukuza ng'ombe uwanjani. Aliporudi, Bwana alikuwa ameshapanda, na Obura, aliyefika punde, anafuta mikono kwa kitambaa.

Ndege ikapaa ikinguruma hadi mabati ya ghala yakatetemeka. Thuo akaisikiliza ikielekea msituni, akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nguruma, akaiambia moyoni. Nguruma, mama.

Kisha ngurumo ikashuka. Ikawa mvumo wa nyuki, halafu karibu isisikike.

"Omera, ndugu yangu," Obura akamnong'oneza, ingawa hapakuwa na mtu. "Ile klipu ya mrija ulisahau kukaza. Mimi nimekaza. Bwana alikuwa hapo hapo, sikutaka aone. Siku hizi wangesema unataka kumuua, wangekunyonga."

Akampiga begani. Uso wake ulijaa mapenzi, na Thuo hakuweza kuutazama.

"Wema hauozi," Obura akaongeza. "Kesho utanifanyia mimi."

Juu ya miti moshi mwembamba ulikuwa ukipanda bila haraka, moshi wa watu wanaopika. Hakuna aliyefukia moto. Thuo aliutazama akiuomba uzimike.

"Si useme hata asante," Obura akamtania.

Thuo akasema asante. Mlipuko wa kwanza ulifika kabla hajamaliza neno.