Utumishi wa Ng'ambo: Hakuna

Maji ya kwanza kuchemka katika nyumba ile ya Ngamiani hayakuwa ya chai. Yalikuwa ya mguu. Semeni aliyatia chumvi, akayaacha yapoe hadi kidole kiweze kuyastahimili, kisha akalowesha kitambaa kilichogandamana na muundi wa mumewe. Jumanne ile kitambaa kilitoka na kipande cha mfupa kadiri ya punje ya mchele.

"Kimetoka kingine, Baba Asmahani."

"Kiweke na wenziwe."

"Wenziwe nimewatupa. Si lulu hizi."

Uweso bin Sadalla alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na kwa miaka saba alikuwa mshona magunia katika ghala moja la mkonge karibu na bandari, kazi inayomtaka mtu asimame tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa. Mnyapara alikwisha kumwambia kwamba ghala halina haja ya mtu wa mguu mmoja, na alimwambia kwa upole, kama atoaye habari za mvua.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Siku nne kabla yake, hospitalini, muuguzi aitwaye Yudith alimfasiria maneno ya daktari. Mfupa umeoza. Alhamisi mguu utakatwa juu ya goti, isipokuwa jina la Uweso liingie katika orodha ya daktari wa mifupa wa jeshi, ambaye hutoka Nairobi mara mbili kwa mwaka na huwatibu askari wa zamani waliojeruhiwa katika utumishi wa ng'ambo. Orodha ingefungwa Jumanne ile, saa tisa alasiri. Uweso alitoa cheti chake cha kuachishwa jeshi. Kiliandikwa kwa Kiingereza, lugha aliyoitii miaka mitano bila kuijua. Yudith alikisoma hadi mstari wa saba, akaurudia mstari huo.

"Baba, hapa pameandikwa hukwenda ng'ambo."

Alimwonyesha neno lenyewe kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa neno fupi, la herufi tatu: nil, yaani hakuna. Uweso alikuwa amelitunza ndani ya bahasha ya nailoni tangu mwaka elfu moja mia tisa arobaini na sita.

Basi saa nne na nusu asubuhi, foleni ilipomfikia, alikuwa mbele ya meza ya karani wa askari wa zamani, aliyeandika orodha hiyo. Karani huyo aliitwa Eliudi, Mbondei wa Muheza, mtu wa kola safi na mwandiko mzuri. Hakuwa mkatili. Ukatili unahitaji hamu, naye hakuwa nayo.

"Bwana karani, nimekuja kusahihisha cheti."

"Cheti hakikosei. Hukosea mwenye cheti." Eliudi alikikunjua. "Utumishi wa ng'ambo: hakuna. Na pembeni wameandika: kwa maneno yake mwenyewe. Ulisema wewe."

"Nilipanda meli Kilindini, nikatapika hadi kisiwa cha Selani. Kutoka Selani tukapelekwa Burma. Mguu huu ulipigwa kombora Burma."

"Ushahidi?"

Uweso alipandisha suruali. Eliudi alitazama kwa muda mfupi, kisha akatazama dirisha.

"Hilo ni jeraha. Sikuuliza jeraha."

"Nina nishani."

"Nishani zinauzwa sokoni pamoja na vifungo. Mpishi wangu anayo moja, na hajavuka Korogwe."

"Hospitali ya India waliniandika."

"Makaratasi ya India yako India, na India si ya Serikali yetu tena." Eliudi alirudisha cheti mezani na kukilinganisha na ukingo wa meza. "Nenda kalete mtu wa kikosi chako. Awe na cheti chake, na cheti hicho kiseme alikwenda. Akija kabla ya saa tisa nitapokea maelezo yake. Akija saa tisa na dakika moja, tarishi ameshaondoka na orodha."

Mtu wa kikosi chake aliyesalia mjini alikuwa mmoja tu, aitwaye Shehe. Alitengeneza majiko ya primasi barazani kwake, Barabara ya Nane, na alibeba machela pamoja na Uweso, yeye mbele na Uweso nyuma, msimu mzima wa mvua wa mwaka arobaini na nne. Mwendo ambao mtu wa miguu mizima huenda kwa robo saa, Uweso aliutumia saa nzima na nusu, akipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli.

"Nimekusikia tangu Barabara ya Sita," alisema Shehe bila kuinua macho kwenye jiko. "Si hatua. Harufu."

"Cheti chako unacho?"

"Ninacho. Kwani wanatugawia mashamba?"

"Kilete."

Shehe alikitoa ndani ya kasha la nguo za mkewe, kimekunjwa mara nane. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma Kiingereza, wala haikuwa lazima. Uweso aliweka karatasi mbili sambamba juu ya mkeka, akahesabu mistari kwa kidole. Wa saba. Neno la herufi tatu. Akahesabu upya, safari hii kutoka chini.

"Nini?" aliuliza Shehe.

"Nawe hukwenda."

"Sikwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Kweli sikwenda," alisema Shehe. "Wewe ulikwenda? Tulibaki wote upande wa huku. Waliovuka ni—" Hapo akasita, bisibisi mkononi.

Mtu wa Tanga hana sababu ya kulifikiria neno hilo. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, ule unaouona kutoka ulipo. Unavuka kwa ngalawa asubuhi na kurudi adhuhuri. Nchi isiyoonekana haina ng'ambo. Ina jina lake. Huko Burma neno hilo lilipata uzito zaidi. Kulikuwa na mto Chindwin, na waliovuka kupigana walikuwa "watu wa ng'ambo". Wabeba machela wa kundi la Uweso waliamriwa kubaki ukingo wa magharibi, wapokee majeruhi. Walitaniwa kwa hilo hadi meli ya kurudi: wake za jeshi, waosha vyombo. Kwamba kombora lilimkuta Uweso ukingo huohuo halikubadilisha utani.

Siku ya kuachishwa, sajini Mzungu aliketi nyuma ya meza na kuuliza kila mtu kwa Kiswahili cha kambini: "Wewe napata kwenda ng'ambo? Iko au hapana?" Wa kwanza katika foleni alikuwa mtu mkweli. Alijibu hapana, afande. Wa pili, aliyekuwa mkweli vilevile, hakutaka kujivika heshima ya wenziwe waliokufa ng'ambo. Watu ishirini na sita walijibu hapana mmoja baada ya mwingine, na sajini, ambaye alikuwa na foleni ndefu, aliandika alichosikia.

"Tulijibu kwa adabu," alisema Shehe.

"Twende ukaseme hivyo."

"Cheti changu kinasema sikuwapo, Uweso. Nitakushuhudiaje mahali ambapo sikuwapo?"

Hata hivyo alivaa kanzu, akafunga majiko, na akampa Uweso bega lake la kulia. Walifika saa nane na robo. Eliudi aliwasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

"Ng'ambo ni Ulaya, India, nchi za mbali," alisema. "Kila mtu anajua."

"Kila mtu wa Muheza," alisema Shehe. "Kwenu maji mnayaona kisimani."

"Kwa nini hamkumwuliza sajini ana maana gani?"

"Bwana karani, ulishawahi kuwa askari?"

Eliudi alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu. Ilikuwa fomu pekee iliyopo, alieleza, kwa mtu anayetaka kubadili maelezo yake mwenyewe. Aliifasiri sentensi kwa sentensi: mimi fulani, nakiri kwamba tarehe fulani nilitoa maelezo ya uwongo kwa ofisa wa jeshi.

"Hakuna fomu ya aliyekosewa?" aliuliza Uweso.

"Maelezo ni ya kweli au ya uwongo. Serikali haikuchapisha ya tatu."

"Nikiweka dole hapa, jina langu litaingia katika orodha ya leo?"

"Hapana. Aliyekiri uwongo huchunguzwa kwanza. Miezi sita, pengine mwaka." Eliudi alisogeza kidau cha wino, kwa ukarimu. "Lakini daktari atakuja tena."

"Mguu hautakuwapo."

"Cheti kitakuwa sahihi."

Tarishi aliingia, akachukua bahasha ya Nairobi kutoka kwenye kikapu cha barua, akatoka.

"Sikusema uwongo," alisema Uweso.

"Basi hukwenda."

"Nilikwenda."

Eliudi aliirudisha fomu kwenye mtoto wa meza. Alionekana amechoka, kama mtu aliyejaribu kutoa msaada ukakataliwa.

Shehe alimfikisha mlangoni pa hospitali, akarudi kwenye majiko yake. Ndani, Yudith alimwamkia, akamkalisha kwenye benchi. Hakuuliza yaliyotokea. Karatasi ya idhini ilikuwa tayari mkononi mwake, maana daktari hukata kwa idhini, na idhini ilitakiwa jioni ileile.

"Jina. Umri. Dini. Mguu wa kushoto," alisoma, akiandika. "Hapa wanauliza jeraha lilipatikana wapi. Daktari amesema niandike halijulikani."

"Linajulikana."

"Baba, cheti chako..."

"Cheti umekisoma. Sasa andika ninavyokwambia. Burma, ng'ambo ya bahari, upande wa huku wa mto."

"Nafasi yenyewe finyu."

"Andika herufi ndogo."

"Daktari atanigombeza."

"Mwambie mgonjwa alikataa kutoa dole bila maneno hayo." Uweso alikuwa amekunja ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani yake. Katika mwili mzima ule, hicho ndicho kiungo pekee ambacho Serikali ilikihitaji siku hiyo.

Yudith alitazama mlango wa chumba cha daktari, kisha karatasi. Aliandika. Maneno yalijaa nafasi, yakapanda pembeni, na neno la mwisho ilimbidi alikunje kuelekea chini.

"Nisomee."

Akasoma.

"Tena."

Akasoma tena, polepole, kidole chake kikifuata wino. Ndipo Uweso alipofungua ngumi.