Kiti cha Upande wa Kushoto

Sijbrand aliwahi viti vya upande wa kushoto wa treni, akamketisha mkewe, Trijntje, dirishani kabla hajauliza kitu. Upande wa kulia wa reli ndiko walikokuwa wakiishi hadi mwaka jana. Wiki tatu zilizopita nyumba yao ya zamani ilibomolewa, na Trijntje hakuwa na habari.

Safari ilikuwa zawadi ya binti yao, Afke, kwa miaka yao arobaini ya ndoa: meli kutoka Enkhuizen hadi Medemblik, kisha treni kuukuu ya mvuke mpaka Hoorn. Mtoto alidhani anawafurahisha. Sijbrand alitafuta kila udhuru, mara mgongo, mara mafua, na Trijntje akamcheka. "Mgongo wako, bwana wee, huuma siku za kutoka tu." Melini manyunyu hayakukatika, ziwa na mbingu vikawa kijivu kimoja. Sijbrand alitafuna mkate wake wa jibini bila kusikia ladha, akitafuta neno la kuanzia, hadi meli ikafunga gati.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na ufupi wake ndio uliomtia aibu. Walipoacha ufugaji, shamba lilinunuliwa na jirani yao Meindert. Trijntje alikuwa na sharti moja tu: nyumba isiguswe. Alizaliwa mle, chini ya lile paa refu la matete, na mama yake alikata roho mle. "Mwambie Meindert liandikwe kwenye mkataba," alisema. Sijbrand akaitikia. Lakini walipokutana Meindert alikuwa na haraka zake, kahawa ikaletwa, wakazungumza mvua na bei ya nyasi, na Sijbrand, mtu asiyeweza hata kumwambia kinyozi kwamba amemkata vibaya, akaona haya kuharibu mazungumzo. Nyumbani akasema yote tayari. Mkewe akatia sahihi bila kusoma. Kwa hiyo Meindert, alipoibomoa, hakuvunja ahadi yoyote, kwa kuwa hakuna aliyemwomba ahadi. Watu humwita Sijbrand mpole. Mimi namwita mwoga, na upole wa mwoga huwaponza wengine.

Treni ilipita Opperdoes, ikaingia mashambani. Bado dakika mbili, Sijbrand alihesabu, halafu tumevuka salama. Jambo moja lilikuwa limemtoka akilini. Kila penye njia ya magari inayokatiza reli bila vizuizi, treni ile husimama, kondakta akaruka chini na bendera nyekundu kuzuia magari. Na njia ya kwenda kwao haikuwa na vizuizi.

Breki zikalia.

"Kwetu hapa!" Trijntje alisimama. "Natoka kibarazani nikapunge mkono. Miaka yote sisi ndio tuliowapungia abiria, leo zamu yangu."

Sijbrand akamdaka mkono wa koti. "Kaa, mama, kuna baridi."

"Baridi gani? Mimi nimetengenezwa na sukari? Niache, wewe."

"Trijn. Haipo."

"Nini haipo?"

"Nyumba."

Alimtazama kama mtu anayengoja mzaha uishe. Kisha akauchomoa mkono wake, akatoka kwenye kibaraza cha behewa, na Sijbrand akamfuata.

Palikuwa na tope, rundo la matofali, na alama za matairi makubwa. Mti wa peasi, uliofungwa ukutani tangu enzi za baba yake Trijntje, ulikuwa bado umesimama, matawi yameenea huku na huku, ukuta hakuna. Trijntje hakulia. Sijbrand alitamani alie.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Nawe ulijua."

"Nilijua."

"Lile sharti langu, Sijbrand. Ulimwambia, hukumwambia?"

Ukweli ulikuwa neno moja. Alilisikia kabisa mdomoni mwake, akalimeza.

"Nilimwambia," akasema. "Akatugeuka."

Uso wa Trijntje ukalegea. Akaweka kiganja chake, kibichi kwa mvua, kwenye shavu la mumewe. "Masikini wewe. Wiki tatu unabeba haya peke yako?" Naye Sijbrand, Mungu amsamehe, akaliegemeza shavu lake hapo na akapata nafuu.

Kondakta alirudi akikunja bendera. "Mzee, mama, ingieni ndani, mtaloa bure." Treni ikaondoka.

Trijntje hakukaa. Alifunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akateremsha mkoba. "Tunashuka kituo kinachofuata."

"Tiketi zetu ni za Hoorn."

"Tunakwenda kwa Meindert. Kwa miguu hata nusu saa haifiki. Nataka anitazame machoni, aniambie kwa nini alikula kiapo akakitapika."

"Trijn, mvua hii yote... Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sizoi maji. Nataka kumsikia kwa masikio yangu. Mtu nimemjua tangu shule, hajawahi kunidanganya, hata la kunikera hunipasulia usoni." Akatikisa kichwa. "Wewe usiseme kitu, najua ugomvi huuwezi. Nitasema mimi. Wewe simama tu ubavuni kwangu, akuone."

Sijbrand alifungua mdomo. Breki zikalia tena, na kondakta akaja kuwafungulia mlango. Trijntje akamshika mumewe mkono, kwa upole, kama anavyoshikwa mfiwa, akamteremsha kwenye mvua.